Mwalimu Tak wa Ghorofa ya Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimelisikia jina la Tak kabla hata sijanywa chai. Kwanza kwenye lifti: wanawake wa ghorofa ya tisa wakisifu jinsi Mwalimu Tak alivyomdaka mbwa wao aliyekuwa anakimbilia barabarani. Kisha kwa mlinzi wetu, Bwana Gil: Mwalimu Tak kamletea kahawa ya moto. Kisha mezani kwangu mwenyewe! Mke wangu anasema nimtazame Mwalimu Tak, umri ule na tumbo bado bapa.

Mwalimu! Alifundisha watoto kuruka kamba shuleni huko Seoul, akastaafu, akahamia hapa Dongtan majira ya kuchipua. Ghorofa ya kumi na tatu. Juu kabisa ya kichwa changu. Mimi nilifika hapa wakati pote ni matope. Duka hakuna, stesheni hakuna, ziwa lilikuwa shimo. Kreni zilikuwa nyingi kuliko watu, na miti yote ilikuwa fito zilizofungwa kamba zisianguke. Yeye kafika miti ina kivuli, treni ya kasi ina handaki lake, anajinyoosha tu kwenye benchi na watu wanamwita Mwalimu. Mimi miaka yote hii ni Baba Serin. Basi.

Ana mtoto mmoja, In-gyu, kijana mrefu wa miwani anayeinama kusalimia hadi kichwa kinakaribia magoti. Huyo simhesabu.

Sasa jambo lenyewe. Mwakilishi wa jengo letu amehama. Wakazi watachagua mwingine Ijumaa ya wiki ijayo. Kiti hicho ni changu! Nimekisubiri tangu matope. Sera ninayo: basi jekundu la Seoul. Asubuhi likifika kituo chetu limeshajaa, ubao unaonyesha viti sifuri, dereva anapita bila kutugeuzia hata jicho. Binti yangu Serin husimama pale kwenye baridi akiyatazama mabasi yakimpita. Juzi alisema afadhali akapange kachumba Seoul. Nilishindwa kumaliza wali wangu. Mtoto mmoja, halafu basi linichukulie!

Nikamweleza mke wangu sera yangu. Akasema ni nzuri sana. Mwalimu Tak naye aliisema jana.

Wanataka agombee. Hajakataa.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango wa kwanza: kelele.

Katika majengo haya mtu husamehewa ulevi, husamehewa hata kuegesha gari vibaya, lakini vishindo juu ya dari ya mwenzake hasamehewi kamwe. Na mimi nasikia vishindo. Du, du, du, kila jioni. Jana nikatangaza mezani kwamba nakwenda kwa Bwana Gil, na Bwana Gil atatangaza kwenye vile vipaza sauti vilivyomo ukutani mwa kila nyumba. Jengo zima lisikie Mwalimu wao alivyo.

Serin akaruka kama aliyekalia sindano. Baba, usifanye hivyo, niache mimi nipande nikaongee nao kwa adabu. Mtoto mwema! Anataka kuniepusha na ugomvi. Akapanda. Kabla ya kupanda akabadilisha sweta. Akakaa huko mpaka mchuzi ukapoa mara mbili. Akarudi na mfuko wa mapeasi na mashavu mekundu, akasema kwa Mwalimu Tak ni kimya kabisa, wanatembea na ndara laini.

Mashavu mekundu! Wamempashia nyumba joto kupita kiasi ili kumlainisha. Mbinu za zamani.

Sikukubali. Leo nimekwenda kwa Bwana Gil. Akachukua kofia yake, akapanda kuchunguza. Kumbe alipofika ghorofa ya kumi na moja akazuiwa na bibi mmoja anayeishi chini yangu. Amekuwa akiteseka, kasema, muda mrefu, na mume wake ana shinikizo la damu.

Jioni kipaza sauti kikakohoa. Wakazi wapendwa wa jengo 107. Mkazi wa ghorofa ya kumi na mbili anaombwa kwa unyenyekevu aache kupiga visigino sakafuni.

Ni zoezi! Daktari wa kwenye televisheni alisema linaimarisha mifupa! Unapanda juu ya vidole, unajiachia, du, du, du. Sasa mke wangu anauliza, je, hivyo vishindo ulivyovisikia wewe vilitoka juu kweli, au vilitoka kwako vikapanda vikarudi?

 Nimekula peasi moja. Tamu. Hilo nalo limeniudhi.

Ijumaa, 7 Novemba

Habari mbaya kuliko zote. Serin hapandi tena basi. Kila asubuhi Tak anampeleka na gari lake hadi stesheni ya treni ya kasi! Nimemwona kwa macho yangu, huko chini kwenye maegesho. Tak kwenye usukani, akipiga mluzi. Binti yangu kiti cha nyuma, anacheka. Yule mrefu wa miwani naye yuko nyuma, sijui kwa nini asikae mbele kama watu.

Anacheka! Nyumbani kwangu asubuhi hafungui mdomo hata kunijibu salamu. Tak kamwambia nini cha kuchekesha alfajiri hiyo? Mimi vichekesho ninavyo. Hakuna anayeniuliza.

Mpango wa pili. Yeye anampeleka stesheni? Mimi nitampeleka Seoul yenyewe, hadi mlangoni mwa ofisi!

Leo nikatangulia kwenye maegesho, nikawasha gari, nikapasha kiti joto. Serin alipotoka kwenye lifti nikapiga honi. Akasema hapana haja, Baba, wananisubiri. Nikasema anayekusubiri ni baba yako. Akawatazama akina Tak, akanitazama mimi, akaingia. Tak akanipungia mkono. Kwa furaha! Mtu huyu hata kunyang'anywa hajui.

Barabara kuu ilikuwa imesimama. Sijui watu wote hawa wa mji wetu wa Hwaseong wamehamia lini. Nikaona njia moja ya pembeni iko tupu, nikaingia kwa ushujaa. Ilikuwa tupu kwa sababu ilikuwa inarudi Dongtan. Tukapita tena mbele ya jengo letu. Bwana Gil akatupigia saluti.

Serin amefika kazini mkutano wao umekwisha. Njiani nilimsimulia vichekesho vyangu vitatu. Alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu, mara anatabasamu, nikadhani ni kwa ajili ya vichekesho. Aliposhuka akanigusa bega, akasema: "Baba, nakupenda sana. Jumatatu naenda na akina Tak."

Nimekaa ndani ya gari mpaka askari akaja kuniondoa.

Jumapili, 9 Novemba

Leo ilikuwa siku ya kutengeneza kimchi ya majira ya baridi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, jengo zima pamoja, uani, sehemu kubwa ikiwa ya kugawiwa wazee wanaoishi peke yao. Kila mwaka wanaume hubeba ndoo na wanawake hutoa amri. Mwaka huu nilikuwa na mpango.

Binamu yangu wa Haenam, huko kusini zinakotoka kabichi bora, ni mkulima wa kabichi. Nikamwagiza. Zikaja jana, nzito, nyeupe ndani kama maziwa. Mke wangu akasema tungoje wanawake wenye ujuzi wazitie chumvi. Nikasema mimi nina mikono. Nikazilaza kwenye bafu la kuogea, nikazimwagia chumvi. Zikaonekana bado zimesimama wima, zina kiburi. Nikaongeza. Nikaenda kulala kidogo mchana, nikaamka, sikukumbuka kama niliongeza, nikaongeza.

Leo nimeshuka nazo kama bwana harusi. Watu wakashangilia. Kabichi za Haenam! Baba Serin leo kaamua! Nilimtafuta Tak kwa macho nimwone akisinyaa. Alikuwa amejifunga aproni ya maua, anakatakata figili, amezungukwa na kina mama wote wa ghorofa ya tano hadi ya tisa. Na mke wangu yumo. Anacheka hadi anashika mbavu.

Tak akaonja jani moja la kabichi yangu. Nikaona jicho lake linatoa machozi.  Akameza. Akaja polepole, akaninong'oneza: "Kaka Maeng, nina figili nyingi mno, sijui nizipeleke wapi. Tukizipachika katikati ya kabichi zako zitavuta chumvi. Nisaidie tafadhali." Ananiita kaka kwa kuwa nimemzidi mwaka. Hata heshima yake inaniwasha.

Zikapachikwa. Kimchi ikaokoka. Na nani kasifiwa? Mwalimu Tak, mwenye figili! Kabichi za Haenam hakuna aliyezikumbuka tena.

Halafu hili. Wakati wa kula, nyama ya nguruwe imechemshwa, inatoa mvuke, kila mtu anafungia kipande kwenye jani la kimchi mbichi. Nikamwona Serin anatengeneza fungu zuri, kubwa, na glavu zake za mpira zimejaa pilipili. Nikafungua mdomo tayari. Akanipita! Akaenda nyuma ya nguzo, akanyoosha mkono, akamlisha mtu. Nguzo ilinizuia. Lakini upande ule alikuwa amesimama Tak na mwanawe tu. Sasa mtu atamlisha kijana wa miwani kwa sababu gani? Ni Tak!

Binti niliyemlisha uji mimi, anamlisha Tak kwa mkono!

Nikaenda kulalamika kwa mke wangu. Akanitazama kwa muda, kama anayetazama sufuria kuona kama imeanza kuchemka. Kisha akasema, Baba Serin, wewe macho unayo ya nini? Akanitia mdomoni kitunguu saumu kizima.

Jumanne, 11 Novemba

Siku ya vijiti. Nchi nzima inapeana vijiti vya biskuti vilivyochovywa kwenye chokoleti, hasa vijana wenye wapenzi wao. Upuuzi wa maduka. Mimi sijawahi kupewa.

Serin karudi na boksi kubwa kama mto wa kulalia, lina utepe. Nikauliza ni la nani. Akasema la mtu mmoja. Nikasema mtu gani. Akasema, Baba, nikwambie kitu? Nikasema subiri! Kwa maana boksi hilo nilikuwa nalijua. Jana jioni nilimwona Tak kwenye duka la chini akilinunua. Boksi hilohilo, utepe huohuo! Alikuwa amemuuliza muuzaji lipi wasichana wanalipenda.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Rushwa! Anahonga kura kwa chokoleti, na anaanzia nyumbani kwa mpinzani wake! Nikaongea kwa kirefu. Nilipomaliza Serin alikuwa ameshaingia chumbani na kufunga mlango. Sijui alitaka kuniambia nini. Kazini labda.

Nikashuka. Nikamweleza Bwana Gil kwa siri. Nikawaeleza wanawake wa lifti kwa siri. Tak anagawa vijiti, nikasema. Wapo waliopewa tayari.

Wakakasirika sana! Lakini walichokasirikia sicho. Wanauliza kwa nini wao hawajapewa.

Habari ikamfikia Tak. Akacheka, wanasema, hadi akakaa chini. Kisha akaenda dukani, akarudi na katoni mbili, akasimama mlangoni mwa jengo akimpa kila anayerudi kazini kijiti kimoja na pole ya safari. Watu wametoka Seoul wamechoka, shingo zimepinda, wanapokewa na chokoleti. Mmoja alilia.

Mimi pia kanipa. Kwa mikono miwili, ameinama. Nikala ndani ya lifti ili asinione.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo ni mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu. Mji mzima umenyamaza watoto wasikie maswali yao. Hata kreni zimesimama. Ndege hazipiti. Nimelazimika kusengenya kwa sauti ya chini sana.

Lakini nina silaha mpya! Jana nimemwona Tak na dalali wa nyumba, yule mama mwenye koti la zambarau, wakiingia majengo mapya yale ng'ambo ya ziwa. Walikaa. Wakatoka wakipeana mikono.

Anahama! Anauza, anakimbia, na huku anataka uwakilishi! Mtu ambaye moyo wake hauko hapa! Kesho nitasimama mbele ya wote nikamvue nguo.

Mke wangu akaniomba nisiseme. Nikamuuliza kwa nini anamtetea. Akasema hamtetei Tak. Akasema kesho asubuhi nimsikilize Serin kwanza, ana neno. Nikasema kesho asubuhi ninafanyia mazoezi hotuba. Serin alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Akasema, basi Mama, mwache.

Ijumaa, 14 Novemba



Ukumbi ulijaa. Bwana Gil kapanga viti, wengine wamesimama. Nikatangulia kuzungumza. Nilikuwa mzuri! Nikaanza na matope. Nikasema ziwa lilikuwa shimo. Nikasema kuhusu basi, viti sifuri, watoto wetu wanaoganda kituoni, wanaotamani kutuacha wakapange vichumba visivyo na dirisha. Hapo sauti ilinikatika, na sikuwa nimeipanga ikatike. Watu wakapiga makofi. Makofi ya kweli!

Laiti ningekaa hapo. Mungu wangu, ningekaa!

Nikanyoosha kidole. Nikasema kuna mtu humu anayewaita ndugu zake, kumbe amesimama na mguu mmoja mlangoni. Mwulizeni Mwalimu Tak anatafuta nini na dalali ng'ambo ya ziwa!

 Tak akasimama taratibu. Uso umemwiva. Akasema ni kweli, anatafuta nyumba ndogo. Si yake. Ni ya mwanawe. In-gyu anataka kuoa.

Ukumbi ukalipuka! Hongera! Hongera Mwalimu! Nami, kwa kuwa sina akili, nikapaza sauti kuliko wote: "Anamwoa nani?"

 Tak akatazama sakafu. Yule mrefu wa miwani akainama kunisalimia, akabaki huko huko chini. Wanawake wa lifti wakatazama dari. Bwana Gil akavua kofia. Kisha nikaona kwamba wote, ukumbi mzima, wanamtazama binti yangu. Na binti yangu ananitazama mimi.

Wote walikuwa wanajua! Bibi wa ghorofa ya kumi na moja alijua! Mke wangu alijua tangu majani ya miti yakiwa mabichi!

Nilitoka. Serin akanikimbilia hadi kwenye ngazi. Nikamwambia nimemlea mwenyewe na nimesikia habari zake pamoja na majirani, kama tangazo la kukatika maji. Nilitaka aumie. Aliumia. Akasema:

"Baba, nilijaribu. Kila nikifungua mdomo wewe uko kwa Mwalimu Tak. Mwalimu Tak hivi, Mwalimu Tak vile. Hukuniuliza hata siku moja kwa nini nilibadilisha sweta."



Akasema, kile kichumba cha Seoul hakikuwa kwa sababu ya basi peke yake. Alifikiri kuondoka kimya, waoane huko, kwa kuwa aliogopa nitamwambia achague, mimi au In-gyu. Akauliza kama nitamwambia achague.

Nikasema hapana. Ilitoka kwa sauti ndogo sana. Akanikumbatia pale kwenye ngazi, na watu wanapita.

Ndani, wananiambia, Tak alijitoa. Alisema wakwe wawili hawawezi kugombea kiti kimoja, na Kaka Maeng anafaa, mmesikia alivyolia kwa ajili ya basi. Nimechaguliwa. Mwakilishi wa jengo 107. Bila mpinzani.

Kanipa yeye! Hata ushindi wangu kaushika kwanza yeye!

Jumamosi, 15 Novemba

Nimekaa ziwani asubuhi nzima. Sikula. Nilitaka mtu aje anitafute, lakini nilipomwona aliyekuja nikatamani asingekuja.

Tak akakaa kwenye benchi langu.  Bata wakapita. Kisha akaomba radhi kwamba hakuniambia. Watoto ndio waliomwomba anyamaze, wamwachie Serin mwenyewe. Nilinung'unika. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa nilikuwa na njaa na njaa hunifanya mkweli: kwamba simpendi kwa sababu kila mtu anampenda.

Akacheka kidogo. Akasema mke wake alifariki mwaka juzi. Hii nilikuwa siijui. Hakuna aliyenieleza, au labda walinieleza nikawa ninapanga jambo. Akasema amehamia hapa kwa kuwa nyumba ya Seoul ilikuwa na kimya kisichovumilika. Hapa jioni anakaa sakafuni, anasikia sisi chini tunavyogombana, mimi na mke wangu, kuhusu rimoti, kuhusu chumvi, na vile visigino vyangu, du, du, du. Akasema: "Kaka, usiache lile zoezi. Siku ile ulipoacha nilishuka kumwuliza Bwana Gil kama unaumwa."

Kisha akasema, huku anatazama maji, kwamba ananionea wivu.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Ananionea wivu!

Nilisikitika sana kwa ajili ya mke wake, nilisikitika kwa kweli, nikamshika bega. Lakini ananionea wivu! Tak! Mwenye tumbo bapa! Nilirudi nyumbani nikala bakuli mbili. Nikamwambia mke wangu. Nikampigia binamu Haenam. Hata Bwana Gil nimemdokezea.

Jumatano, 19 Novemba

Uwakilishi ni kazi ya punda. Nimepigiwa simu kuhusu kinyesi cha mbwa, balbu ya ngazi, na mtu anayekaanga samaki na madirisha yamefungwa.

Lakini leo nimekwenda kwenye ofisi za mji kuhusu basi. Nilivaa tai. Nikaongea kuhusu matope. Yule dada wa dirishani akanisikiliza kwa subira, akasema ombi hilo lilishaletwa, wakazi wengi wamelitia saini, na limekubaliwa: asubuhi mabasi mawili yataanzia kituo chetu, yakiwa matupu. Nikauliza ombi kalileta nani. Akaeleza mwanamume mmoja mwenye mvi, mpole, aliyewaletea kahawa.

Nilirudi kichwa kikiwa kinapiga ngoma. Mlangoni mwa jengo watu wamekusanyika, wameshapata habari, wanapiga makofi. Tak yuko katikati. Aliponiona akanyoosha mkono kuelekea kwangu, akasema kwa sauti kwamba shukrani zote ni za mwakilishi wetu.

Ningeweza kuwaeleza ukweli. Nilifungua kinywa kabisa. Mwanamke wa ghorofa ya tisa akasema: "Asante, Mwakilishi Maeng." Mwakilishi! Maeng!

Nikainama, nikasema nilifanya nilichoweza.

Jumapili, 23 Novemba

Leo familia mbili zimekaa mezani pamoja kwa mara ya kwanza rasmi. Mkahawa mzuri, chumba cha faragha, vyakula vidogovidogo hadi meza haionekani. Mke wangu alivaa rangi ya chungwa. Serin aling'aa kiasi kwamba sikuweza kumtazama muda mrefu. Yule mrefu, mkwe wangu In-gyu, nimemtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kijana mzuri. Alinimiminia pombe ya soju hadi kikombe kikafurika. Nikamwambia anywe na yeye, nikamsimulia kile kichekesho changu cha pili. Akacheka hadi miwani ikaanguka kwenye supu. Kijana mzuri sana!

Nilikuwa nimeapa nitakuwa mtu mpya. Nilikuwa! Tak aliposifiwa kwa suti yake, nilinyamaza. Mke wangu alipocheka kichekesho chake, nilicheka pia, na hata kilikuwa kinachekesha. Tulipoinua vikombe nilimwita ndugu, na niliona macho yake yanalowa, na yangu pia. Nikawaza, Maeng Chil-seong, umepona.

Kisha Serin, kwa utani tu, akasema siku moja tutakuwa na mtoto wa kutuita babu. Mezani shangwe. Mke wangu akamwambia Mwalimu Tak, utakuwa babu bora. Kisha akanigeukia mimi, akanibana shavu, akasema: "Na huyu hapa ndiye babu wa nje."

Kijiko kikanitoka.

Ni kweli! Nilikuwa nimesahau! Baba wa baba huitwa babu. Baba wa mama huitwa babu wa nje. Ndivyo tunavyosema, ndivyo tulivyosema siku zote, nami nilimwita hivyo baba yake mama yangu bila kufikiri hata mara moja kwamba mzee wa watu anasikia. Wa nje! Kama mbwa! Kama viatu! Mimi niliyefika wakati wa matope, niwe wa nje, na Tak wa majira haya ya kuchipua awe babu mtupu, babu mwenyewe, babu asiyewekwa mlangoni!

Nilitabasamu hadi mwisho wa chakula. Taya zinaniuma.

Tumerudi. Mke wangu amelala kidogo. Nimeingia chumba cha Serin na futi ya kupimia. Kitanda cha mtoto kinaenea vizuri pale chini ya dirisha, kabati likisogezwa. Jua linaingia asubuhi. Wote wawili wanafanya kazi Seoul, lazima mtu ashinde na mtoto, na wajukuu hukaa pale kitanda chao kilipo. Kesho naagiza kitanda. Cha mbao, chenye magurudumu. Harusi ni Mei, lakini mambo haya hayangoji.

Mtoto akikulia humu ndani kwangu, tutaona nani wa nje.

Tak hajui lolote. Namsikia huko juu anatembea na ndara zake laini, anapiga mluzi. Apige tu.